MASHINE INAJIBU, LAKINI HAIWAJIBIKI



Kuna swali ambalo limeingia kwenye inboksi yangu mara nyingi miezi hii. Vijana wameniuliza, wazazi wameniuliza, na mzee mmoja wa kanisa amenishika mkono baada ya ibada akaniuliza: "Mchungaji, hii AI itatushinda? Itafika mahali itumalize?" Wengine wanaiita akili mnemba, wengine akili unde. Vyovyote utakavyoiita, leo nataka tulijibu swali hilo. Nitachukua muda kidogo, kwa hiyo tafuta mahali utulie, ufungue na Biblia yako kitabu cha Mwanzo.

Kwanza, tusiwacheke wanaoogopa. Hofu hii haikuanzia kwa watu wasiojua kompyuta. Mei 2023, Geoffrey Hinton, mmoja wa wanasayansi walioweka misingi ya mashine hizi, aliondoka Google ili awe huru kuzungumza juu ya hatari zake. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwezi huo huo wa Mei, yeye na mamia ya wataalamu, wakiwemo wakuu wa kampuni zinazotengeneza mashine zenyewe, walitia sahihi taarifa fupi. Taarifa hiyo iliweka hatari ya AI kuangamiza wanadamu katika kundi moja na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Novemba mwaka huo nchi 28, Kenya ikiwemo, zilikutana Bletchley Park kule Uingereza zikakubaliana kwamba madhara yanaweza kuwa makubwa mno.

Wapo wanaopinga. Yann LeCun, aliyepewa Tuzo ya Turing ya 2018 pamoja na Hinton, anasema hofu hiyo imepita kiasi. Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anakuapia kwamba mwisho umefika, au mwingine anakuapia kwamba hakuna la kuogopa, jua kwamba hata mabingwa wenyewe hawajakubaliana.

Wanachoogopa hasa ni nini? Mashine hizi hazielekezwi hatua kwa hatua kama kikokotoo cha dukani. Zinalishwa maandishi mengi mno, zinajifunza zenyewe jinsi maneno yanavyofuatana, na hata waliozitengeneza mara nyingi hawawezi kukueleza jibu fulani limetokea wapi ndani yake. Sasa fikiria una mtumishi mwenye uwezo kukupita. Ukampa kazi mbaya, au kazi nzuri uliyoieleza vibaya, na huwezi kumsimamisha. Hapo utafanya nini? Hilo ndilo linalowanyima usingizi. Ni swali la busara, na mimi siwezi kulifukuza kwa kukemea tu.

Mimi ni mchungaji, si mhandisi. Sitakuambia mashine itaweza nini mwaka wa 2040. Lakini kuna sehemu ya swali hili ambayo Neno la Mungu lilishaigusa kabla ya umeme, na hiyo ndiyo nataka tuishike.

KUSHINDWA SI JAMBO JIPYA

Tuseme ukweli: katika mambo mengi mashine imeshatushinda. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa mchezo wa chesi. Machi 2016 programu iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja katika mchezo wa Go, ambao wengi walidhani mashine ingechukua miaka mingi zaidi kuumudu. Leo mtoto wa sekondari akiiandikia programu ya simu swali la hesabu, jibu linakuja kabla hajafunika kalamu.

Lakini mpendwa, sisi tumeshindwa tangu zamani. Tembo anatushinda nguvu. Tai anatushinda macho. Duma anatushinda mbio. Trekta inalima asubuhi moja shamba ambalo familia nzima ingelilima wiki. Na hakuna mkulima aliyewahi kuiangalia trekta akasema, "Sasa mimi si mtu tena."

Kinachotutisha safari hii ni kwamba tumeguswa mahali tulipojivunia: akili. Tulikuwa tumejiambia moyoni kwamba sisi ni wakuu wa viumbe kwa sababu ndio tunaofikiri. Soma Mwanzo 1:26-28 polepole uone kama Mungu alisema hivyo. Hakusema nimewafanya kwa mfano wangu kwa kuwa wana akili kuliko wengine. Aliwafanya kwa mfano wake, kisha akawakabidhi dunia waitunze. Halafu fungua Mwanzo 3:1. Katika bustani ile yupo mnyama mmoja ambaye Biblia inamtaja kwa werevu wake kupita wanyama wote wa mwituni. Ni nyoka. Mwerevu wa bustani hakukabidhiwa bustani.

Na tushukuru Mungu kwa hilo. Kama utu wetu ungekuwa ni akili, mtoto aliyezaliwa leo asubuhi angekuwa mtu nusu. Nyanya yako ambaye amesahau majina ya watoto wake mwenyewe angekuwa anapungua utu kila siku. Yule ndugu yetu ambaye hakufaulu mtihani hata mmoja angekuwa chini ya yule aliyepata A. Sisi hatuamini hivyo. Tunamfunika nyanya blanketi, tunamlisha, tunamwimbia nyimbo za wokovu, kwa sababu mfano wa Mungu ndani yake haukukaa kwenye kumbukumbu zake. Ikija mashine yenye akili mara elfu kuliko maprofesa wote, haitamwondolea nyanya huyo chochote alichopewa na Mungu.

BASI TULIPEWA NINI?

Rudi Mwanzo 3. Adamu amekula tunda, amejificha kati ya miti. Mungu anakuja bustanini na kumwuliza alipo. Je, Mungu alikuwa hajui? Alijua hata mti gani. Aliuliza kwa sababu alimfanya Adamu kiumbe anayeweza kuulizwa, na akitarajiwa kusimama na kusema, "Ni mimi."

Adamu akafanya nini? Akanyoosha kidole kwa mwanamke, na ndani ya maneno yake akamlaumu na Mungu aliyempa mwanamke huyo. Hawa naye akanyoosha kidole kwa nyoka. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita: nyoka hakuulizwa swali lolote. Adamu aliulizwa. Hawa aliulizwa. Sura inayofuata, Kaini aliulizwa habari za ndugu yake. Yule mwerevu alitamkiwa hukumu moja kwa moja.

Hapa ndipo ninaposimama leo. Alama ya mwanadamu mbele za Mungu ni kwamba ataulizwa. Mashine inajibu, lakini haiwajibiki. Inaweza kukujibu maswali elfu kwa dakika, lakini ikikosea haitasimama mbele ya mtu wala mbele ya Mungu. Haina jina la kutia sahihi, haina dhamiri ya kuisumbua usiku, haina kiti cha hukumu kinachoisubiri. Wewe unacho.

Nikuonyeshe kwa mambo mawili yaliyotokea.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, katika kituo cha kijeshi kusini mwa Moscow, kompyuta za Muungano wa Kisovieti ziliripoti kwamba Marekani imerusha kombora la nyuklia. Kisha zikaripoti jingine, hadi yakafika matano. Afisa wa zamu alikuwa Stanislav Petrov. Kazi yake ilikuwa kupeleka taarifa kwa wakubwa, na wakubwa wangeweza kujibu kwa makombora. Petrov akawaza: Marekani ikianza vita haiwezi kuanza na makombora matano. Rada za ardhini nazo hazikuthibitisha kitu. Hakuwa na hakika kamili, na baadaye alikiri hivyo. Lakini aliripoti kwamba hiyo ni hitilafu ya mitambo. Baadaye ilionekana kwamba satelaiti zilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Kompyuta ilikuwa imejibu. Mtu mmoja akakubali kuwajibika, na mimi na wewe tupo hai.

La pili ni la Uingereza. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliosimamia ofisi ndogo za posta walipatikana na hatia za wizi na hesabu za uongo kwa sababu programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha pesa zimepungua. Walilia kwamba hawakuiba. Wakubwa wakaitazama kompyuta, wakawatazama watu, wakaiamini kompyuta. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika, wengine walijiua. Programu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Ilipofika 2024, Bunge lao lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla, lakini wapo waliokufa bila kusafishwa majina. Na Horizon haikuwa AI. Ilikuwa programu ya hesabu tu, bila akili yoyote ya kutisha. Ilichohitaji ili kuangamiza watu ni ofisi iliyojaa watu wanaosema, "Kompyuta imesema."

Umeona sasa hatari ilipo? Tunasubiri siku mashine itakapoinuka ituvamie, na huku tunainuka wenyewe kutoka kwenye kiti chetu na kuikaribisha ikae. Mwombaji wa mkopo anakataliwa: "Mfumo umekataa." Kijana anatuma barua ya kazi na hakuna binadamu aliyeisoma: "Mfumo umechuja." Mataifa yanatengeneza silaha zinazoweza kuchagua wa kumwua zenyewe, mpaka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, akaomba zipigwe marufuku kwa mkataba kufikia 2026. Adamu alisema ni mwanamke. Kizazi chetu kinajiandaa kumwambia Mungu, "Ni mashine."

Kwa hiyo mkiniuliza, AI inaweza kuwa tishio kwa wanadamu? Ndiyo, naamini inaweza. Na hata ikifika ile siku anayoiogopa Hinton, ya mashine isiyozuilika, mlango utakuwa umefunguliwa na watu wenye majina, walioketi ofisini wakaharakisha kwa sababu ya ushindani na faida. Mungu atawauliza hao. Na sisi atatuuliza tulikuwa wapi.

DAMU YA NDUGU YAKO

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu huko mbali. Hapana. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba vijana wa hapa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili wa kila aina, ubakaji wa watoto, mauaji, watu kujiua, na kuyawekea alama ili ChatGPT ifundishwe kutoyatema. Ile adabu unayoiona ukiandikiana nayo, sehemu yake imenunuliwa kwa usingizi wa watoto wa majirani zetu. Wengine walisema wameachwa na majeraha ya moyoni. Mei mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, alijifanya kana kwamba si kazi yake kujua. Mpendwa, mashine inayoonekana haina mikono ina mikono mingi nyuma yake, na baadhi ya mikono hiyo huinuliwa kwenye ibada zetu Jumapili. Kabla hatujauliza kama mashine itawatendea watu vibaya siku zijazo, tuulize ni nani anayewatendea watu vibaya leo kwa ajili ya mashine.

MADHABAHU NAYO

Juni 2023, mjini Fürth nchini Ujerumani, zaidi ya watu 300 walihudhuria ibada ambayo karibu yote ilitungwa na AI. Sura ya kompyuta ilihubiri kwenye skrini, ikaomba, ikabariki. Wengine walipiga picha. Wengine walisema haikuwa na roho.

Watumishi wenzangu, niseme nanyi kidogo. Sina ugomvi na mtumishi anayetafutia maana ya neno la Kiebrania kwenye simu. Lakini Waebrania 13:17 inasema viongozi wanakesha kwa ajili ya roho za watu kama watakaotoa hesabu. Mashine haitatoa hesabu ya kondoo hata mmoja. Ukisimama madhabahuni na ujumbe ambao hukuuombea, hukuulilia, na wewe mwenyewe hujautii, usishangae watu wakishiba maneno na kulala njaa.

Na wewe binti, wewe kijana unayesoma hapa usiku. Dada mmoja aliniambia kwamba kila usiku huiandikia programu ya simu mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Pasta, hainihukumu, na hailali." Kanisa, tulisikie hilo neno na lituume kidogo. Tumekuwa watu ambao ni vigumu kuwaambia?

Lakini nawe sikia. Haikuhukumu kwa sababu haina cha kupoteza kwako. Ukinyamaza wiki nzima, haitauliza majirani umeenda wapi. Haitakuja wodini na chupa ya uji. Haitafunga na kuomba kwa ajili yako. Tunaye Kuhani Mkuu anayejua udhaifu wetu kwa kuwa alijaribiwa kama sisi, hiyo ni Waebrania 4:15. Yeye alilia, alichoka, alitokwa damu. Amekuwekea na watu wa kukubebea mzigo. Leo usiku, badala ya kuandika, mpigie mtu mmoja.

HABARI ZA MNYAMA

Najua wengine mnasubiri niseme juu ya Ufunuo 13, ile sanamu inayopewa pumzi na kunena. Sitakupa tarehe wala jina la kampuni. Wengi waliotaja tarehe wameaibika. Ila soma sura hiyo uone kosa linalotajwa tena na tena ni lipi: ni ibada. Isaya 44 anamcheka fundi anayekata mti, nusu anapikia chakula na nusu anaipigia magoti. Mti haukuwa na hatia. Tumia kuni zako kupikia, lakini usizipigie magoti.

TUFANYE NINI?

Moja. Linda nyumba yako. Wakora sasa wanaweza kuiga sauti ya mtu kwa AI. Ukipigiwa na sauti ya mwanao akilia kwamba ameshikwa, tuma pesa haraka kwa hii namba, kata simu umpigie kwa namba yake unayoijua. Kubalianeni neno moja la siri nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua.

Mbili. Ukitumia AI kazini au shuleni, kila inachokupa kihakiki na ukitie jina lako kama vile umekiandika mwenyewe, kwa sababu kikiharibika ni wewe utakayeulizwa. Kama hauko tayari kukitetea, usikitume.

Tatu. Usikubali jibu la "mfumo umekataa". Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinakulinda dhidi ya kuamuliwa jambo kubwa la maisha yako na mitambo peke yake. Una haki ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Uliza kwa heshima: "Ni nani aliyeamua? Naomba nizungumze naye." Na wewe unayefanya kazi kwenye dirisha la ofisi, usijifiche nyuma ya skrini kama Adamu nyuma ya miti.

Nne. Wazazi, fundisheni watoto kusema "ni mimi". Mtoto akivunja kikombe akakubali, msifu kwa kukubali kabla ya kumkanya kwa kikombe. Dunia inayokuja itakuwa na majibu mengi sana na itakuwa na uhaba wa watu wanaosema "ni mimi niliyefanya".

Tano. Wanafunzi na wataalamu wa kompyuta mlio katika kanisa letu, msikimbie kazi hii. Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa AI Machi 2025, na watu watakaoutekeleza watatoka mahali fulani. Watoke na kwetu pia. Tunahitaji akina Petrov waliookoka kwenye vyumba hivyo, watu wanaomwogopa Mungu kiasi cha kuiambia mashine, na hata kumwambia bosi, "Hapana, hii si sawa."

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa akili uliyowapa wanadamu. Tusamehe pale tulipojificha ulipotuita. Wahurumie wale ambao kazi ya mashine hizi imewajeruhi, na uwape haki yao. Uwape wenye mamlaka hofu yako. Utupe ujasiri wa kujibu kwa majina yetu, mpaka siku ile tutakaposimama mbele zako. Katika jina la Yesu. Amina.

Nimemaliza. Kama kuna mtu umemkumbuka uliposoma habari za yule dada, usimtumie ujumbe huu tu. Mpigie.

Mbarikiwe, tuonane Jumapili ibada ya kwanza.